Spectrum, Mind Transplant au Believe It: uanze na albamu ipi ya mpiga dramu?

Ukiwauliza wapenzi wa jazi ya umeme, yaani jazi iliyochanganywa na roki na fanki, wakutajie albamu moja iliyoongozwa na mpiga dramu, wengi watasema Spectrum ya Billy Cobham kabla hujamaliza swali. Jibu hilo lina sababu zake. Lakini kaa nao kidogo. Huyu atakuambia Spectrum ni tamu nusu tu. Yule atasema Mind Transplant ya Alphonse Mouzon ina fanki zaidi, ule mdundo mzito wa kuchezesha. Wa tatu, ambaye mara nyingi ni mpiga gitaa, atakuambia uachane na zote mbili umsikilize Tony Williams kwenye Believe It. Wote wana hoja. Albamu hizi zilitoka Marekani kati ya 1973 na 1975, zote zina jina la mpiga dramu juu ya jalada, na kila moja inamfaa msikilizaji wa aina yake.

Mabishano mengi kuhusu albamu za namna hii huishia kwenye kasi: nani ana mikono myepesi zaidi, nani ana miguu mizito zaidi. Kwangu mimi kipimo hicho hakimsaidii anayetaka kuchagua, kwa sababu kasi wote watatu wanayo ya kutosha na kubaki. Swali linalosaidia ni jingine: mpiga dramu akishakuwa bosi, wenzake anawaachia nafasi gani? Hapo ndipo albamu hizi zinapoachana njia.

Wenye albamu

Cobham alizaliwa Colón, Panama, mwaka 1944, akakulia New York. Alipiga kwenye bendi ya jeshi la Marekani, akapita kwa mpiga piano Horace Silver, akawa kwenye bendi ya Dreams pamoja na ndugu wawili Randy na Michael Brecker, akashiriki rekodi za mpiga tarumbeta Miles Davis, kisha mwaka 1971 akaingia Mahavishnu Orchestra ya mpiga gitaa John McLaughlin. Ile ilikuwa bendi ya hesabu ngumu za mdundo na sauti kubwa, na ndiyo iliyomtangaza. Mei 1973, bendi ikiwa imebakiza miezi michache tu kabla ya kuvunjika, aliingia studio ya Electric Lady, New York, na kurekodi albamu yake ya kwanza kwa siku 3, kuanzia tarehe 14 hadi 16. Siku ya mwisho ndiyo aliyotimiza miaka 29.

Tony Williams alizaliwa Chicago mwaka 1945 na kukulia Boston. Miles Davis alimchukua mwaka 1963 akiwa na miaka 17 tu, na wapiga dramu wengi wa jazi waliofuata, Cobham na Mouzon wakiwamo, walipita kwenye njia aliyoifungua yeye. Mwaka 1969 aliunda kundi lake, Lifetime, pamoja na McLaughlin na mpiga kinanda Larry Young. Lile la 1975 ni kundi jipya lililobeba jina lile lile.

Mouzon alitoka Charleston, South Carolina, alizaliwa 1948. Ndiye aliyepiga dramu kwenye albamu ya kwanza ya bendi ya Weather Report mwaka 1971, akapiga na mpiga piano McCoy Tyner, kisha akawa injini ya Eleventh House, bendi ya mpiga gitaa Larry Coryell. Kati ya watatu hawa ndiye anayesahaulika haraka, na anaonewa.

Spectrum: siku 3 na vikosi viwili

Jambo la kwanza la kujua kuhusu Spectrum ni kwamba ndani yake mna vikosi viwili. Kikosi cha kwanza ni cha watu wanne: Cobham, Jan Hammer kwenye vinanda, Tommy Bolin kwenye gitaa na Lee Sklar kwenye besi. Kikosi cha pili kina Hammer yule yule, lakini pamoja naye wapo wapuliza ala Joe Farrell na Jimmy Owens, Ron Carter kwenye besi kubwa ya mbao, na Ray Barretto kwenye konga. Wanaosema albamu ni tamu nusu tu wanamaanisha hivi: kikosi cha kwanza kinapochoma moto, kile cha pili kinaingia na kuupoza.

Sikubaliani nao sana, lakini naelewa wanatokea wapi. Kikosi cha watu wanne kilikuwa na bahati ya ajabu. Bolin hakulelewa kwenye jazi. Alikuwa kijana wa Sioux City, Iowa, mwenye miaka 21, aliyetoka kwenye bendi ya roki iitwayo Zephyr. Sklar alikuwa mtu wa studio, anayejulikana kwa kumpigia besi James Taylor, nyimbo za taratibu za gitaa na sauti. Cobham angeweza kuwaita mabingwa wa jazi wa mji mzima wa New York. Akamchukua mpiga roki na mpiga besi asiyependa kujionyesha. Uamuzi huo ndio albamu yenyewe.

Wimbo wa kwanza, Quadrant 4, unaanza kwa kasi ambayo msikilizaji mgeni huuliza kama santuri inazunguka sawa. Miguu yote miwili ya Cobham iko kazini, na juu yake Hammer na Bolin wanapokezana. Hapa wasikilizaji wengi hukiri kwamba mara ya kwanza hawakujua ni kipi kinanda na kipi gitaa, kwa sababu Hammer alikuwa na ustadi wa kupinda sauti za sinthesaiza yake (kinanda cha umeme cha kuunda sauti) mpaka zilie kama nyuzi. Sikiliza mara mbili tatu utaanza kuwatofautisha: gitaa la Bolin lina vumbi na mikwaruzo, kinanda cha Hammer ni laini pembeni.

Lakini wimbo ulioifikisha albamu hii kwa watu wasiojua hata jina la Cobham ni Stratus. Unakaribia dakika 10. Takribani dakika 3 za mwanzo hakuna wimbo wa kushika: sinthesaiza zinavuma na kuguna, dramu inazungukazunguka bila kutulia kwenye mdundo. Sehemu hii imegawanya wasikilizaji tangu zamani. Wapo wanaoiruka kila mara. Wapo wanaoitetea, na mimi ni mmoja wao. Sisi tuliolelewa na rumba tunajua kungoja. Hakuna anayezima redio kwa sababu sebene halijaingia. Baada ya vurugu ile besi ya Sklar inaingia na sentensi moja fupi, na sentensi hiyo haibadiliki. Inazunguka pale pale kama ngamia wa kinu cha ufuta. Cobham anaijibu kwa mdundo ulionyooka, sneya, ile ngoma ndogo ya mlio mkali, ikiangukia pigo la pili na la nne, toazi likichapwa mfululizo bila kupepesa. Mtu aliyeweza kucheza hesabu zote za Mahavishnu anakaa kwenye mdundo ambao mtoto angeweza kuuhesabu, na anakaa humo kwa dakika kadhaa. Akitoka ni kwa mpasuko mfupi wa ngoma zote, kisha huyo amerudi mahali pake. Bolin amepewa uwanja mzima na anautumia taratibu, anaacha noti ining'inie hewani, anaikata, anarudi.

Kama umewahi kusikia Safe from Harm ya Massive Attack, ya mwaka 1991, basi besi na dramu za Stratus unazijua tayari. Kundi lile la Bristol lilizikata na kujenga wimbo wao juu yake. Prince naye aliupiga Stratus jukwaani. Jeff Beck alikuwa mmoja wa wapiga gitaa walioguswa na albamu hii, na baadaye akaenda kufanya kazi na Jan Hammer mwenyewe. Kwa albamu ya muziki wa ala tupu, iliongoza chati ya jazi ya jarida la Billboard la Marekani na kufika namba 26 kwenye chati ya jumla. Si jambo dogo.

Malalamiko ya kweli yapo pia. Vipande vifupi vya dramu peke yake, kama kile cha Anxiety kabla ya Taurian Matador, ni milango tu ya kuingilia nyimbo, na mtu anayesikiliza kwa simu huku anafanya kazi atavikuta vinamkatiza. Kikosi cha wapuliza ala kwenye wimbo wenye jina la albamu na kwenye Le Lis ni kizuri, lakini kinasikika kama kimetoka kwenye albamu nyingine, ya jazi iliyovaa suti. Mimi naona Le Lis inaipa albamu pumzi kabla ya Red Baron, wimbo wa mwisho, ambao ni fanki ya mwendo wa kujivuta na kwa masikio yangu ndio uliozeeka vizuri kuliko zote. Anayetaka moto mfululizo ataiona Le Lis ni kikwazo, na hana kosa.

Mind Transplant: Bolin tena, lakini nyumba nyingine

Sababu moja watu huweka Mind Transplant karibu na Spectrum ni Tommy Bolin, kwa sababu yumo kwenye zote. Mouzon alirekodi albamu hii Desemba 1974, na kampuni ya Blue Note ikaitoa 1975. Pamoja na Bolin wamo Lee Ritenour na Jay Graydon, nao wapiga gitaa, Jerry Peters kwenye vinanda na Henry Davis kwenye besi. Wapiga gitaa watatu: hapo tayari umeshaambiwa albamu inaelekea wapi.

Mouzon anapiga dramu kwa uzito. Cobham kwenye Stratus anakaa nyuma ya mdundo. Mouzon anausukuma mbele, ngoma ya mguu ikija na kishindo, na nyimbo zake ni fupi, zina tungo za kushika upesi, zinafika na kuondoka. Ascorbic Acid na Nitroglycerin zina majina ya maabara lakini ni muziki wa mwili. Kwenye Nitroglycerin Bolin anawaka kuliko popote kwenye Spectrum isipokuwa Quadrant 4, na wafuasi wake wengi huitaja kama ushahidi wa mahali alipokuwa anaelekea. Mwaka huo huo wa 1975 alijiunga na bendi ya roki ya Deep Purple, na Desemba 1976 akafariki Miami akiwa na miaka 25. Ndiyo maana albamu hizi mbili za jazi alizopigia huthaminiwa sana: hakuishi kutupa nyingi.

Tatizo la Mind Transplant ni kwamba haina Stratus. Haina wimbo mmoja ambao unaweza kumwekea mtu asiyejua lolote akakaa kimya mpaka mwisho. Katikati yake kuna Some of the Things People Do, ambao Mouzon anauimba mwenyewe, na hapo wasikilizaji wengi huinua nyusi. Sauti yake si mbaya, ila wimbo unakatisha safari. Kwenye albamu iliyotangulia, Funky Snakefoot ya 1974, alikuwa ameshaonyesha hamu ya kuimba na kuchezesha watu, kwa hiyo anayemjua hashangai. Anayekuja kutoka Spectrum atashangaa.

Wenzake Mouzon amewaachia nini? Amewaachia muda wa solo, tena mwingi, lakini hakuwaachia ukimya. Dramu imejaa kila kona. Kwa baadhi ya watu hiyo ndiyo raha yenyewe. Mimi baada ya nyimbo 4 au 5 huanza kutamani apumzike kidogo.

Believe It: bosi anayewatungisha wenzake

Williams alifanya jambo ambalo viongozi wachache hulifanya. Albamu ina nyimbo 6, na yeye alitunga mmoja tu, Wildlife. Mpiga besi Tony Newton alitunga Snake Oil na Red Alert, mpiga gitaa Allan Holdsworth alitunga Fred na Mr. Spock, na mpiga kinanda Alan Pasqua alitunga Proto-Cosmos. Linganisha na Spectrum, ambako kila wimbo ni wa Cobham.

Kikosi chenyewe hakikuwa na sababu ya kuelewana. Newton alikuwa ametokea kwenye muziki wa Motown, kampuni ya muziki wa soul, na ukisikia namna Snake Oil inavyofunguka kwa besi utajua: kuna fanki ya mtaani mle ndani kabla gitaa halijasema neno. Holdsworth alikuwa Mwingereza kutoka Bradford, ametoka kwenye bendi ya Soft Machine. Utotoni alitamani saksafoni, na maisha yake yote alipiga gitaa kama mtu anayetafuta pumzi. Vidole vya mkono wa kushoto vinafanya kazi karibu yote, mkono wa kulia unagusa mara chache, noti zinamiminika bila mishono.

Kwenye Fred jambo hili linasikika wazi. Kinanda cha Pasqua kinaweka kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) za kupendeza, karibu muziki wa jioni, na Holdsworth anapoanza solo yake anapita juu yake kwa mistari mirefu isiyotabirika. Sasa acha kumsikiliza yeye. Rudia wimbo, safari hii ufuate dramu. Williams hamshikii Holdsworth mdundo tu. Anamsikia, anajaza pale mstari unapokatika, anapandisha matoazi pale gitaa linapopanda, halafu ghafla anashusha. Nusu ya uzuri wa solo ile ni mazungumzo yaliyo chini yake. Wapiga gitaa wanaoisifu Believe It kwa ajili ya Holdsworth wako sahihi, lakini nadhani wanasikiliza juu tu.

Lawama zake? Sauti ya rekodi ni kavu kidogo na imebanana. Ukitoka kwenye upana wa Spectrum utahisi umeingia chumba kidogo. Pia ni albamu inayohitaji subira ya aina nyingine. Stratus inakungojesha halafu inakulipa papo hapo. Fred haikulipi siku ya kwanza, inakulipa wiki ya tatu. Na onyo moja kwa atakayeipenda: albamu iliyofuata ya kundi hilo, Million Dollar Legs ya 1976, iliongezewa mapambo mengi ya studio na mashabiki wengi wa Believe It hawakuifurahia. Usiinunue ukitarajia sehemu ya pili.

Uchague ipi basi

Kama hujawahi kusikiliza jazi ya umeme kabisa, anza na Spectrum, na usianze na wimbo wa kwanza. Anza na Red Baron, nenda Stratus, ukishaizoea sauti ya kikosi ndipo urudi Quadrant 4. Watu wengi walioikataa albamu hii walipigwa na kasi ya wimbo wa kwanza wakadhani yote iko hivyo.

Kama umetoka kwenye hip hop na unatafuta mizizi ya midundo unayoijua, Spectrum tena, kwa ajili ya Stratus, lakini usiishie hapo. Ongeza Crosswinds, albamu ya pili ya Cobham, ya 1974. Humo mna wimbo wa taratibu uitwao Heather, George Duke kwenye kinanda na Michael Brecker kwenye saksafoni, ambao kundi la rap la Souls of Mischief waliukata kwa ajili ya 93 'til Infinity.

Kama unatoka kwenye roki na unapenda gitaa lenye moto, Mind Transplant itakufurahisha upesi kuliko Believe It. Ruka wimbo wa kuimba, urudi kwake siku nyingine. Ila kama unapiga gitaa au unajifunza, gharama ya kuikosa Believe It ni kubwa, na ukiisikiliza mapema itakubadilishia hata namna ya kuisikia ile nyingine.

Kama wewe ni mpiga dramu, hasa unayepiga kanisani au kwenye bendi ya ukumbini na unaambiwa kila wiki upunguze kelele, ningekupa Spectrum na Believe It kwa pamoja na kuiweka Mind Transplant kando kwa sasa. Kutoka kwa Cobham utajifunza kukaa. Kutoka kwa Williams utajifunza kusikia. Mouzon atakufundisha nguvu, na nguvu bila shaka unayo tayari.

Anayetaka kitu laini cha kuchezesha nyumbani wakati wageni wanakula asichukue hata moja kati ya hizi. Kuna Marching in the Street ya Harvey Mason, ya 1975, mpiga dramu aliyekuwamo kwenye Head Hunters ya Herbie Hancock. Ni albamu ya adabu zaidi na fanki yake haimsumbui mtu.

Na kwa yoyote utakayoichagua, usiisikilize kwa spika ya simu. Kwenye albamu hizi besi ndiyo inayobeba nyumba, na spika ndogo inaifuta. Sentensi ile ya Sklar kwenye Stratus ikishapotea, kinachobaki ni mtu anayechapa matoazi na gitaa linalolia mbali, na utajiuliza watu wanasifia nini. Hata visikilizio vya bei ya chini vya kuziba masikio vinatosha.